Maswali na majibu: Rimu na tairi za vigari vyetu vya zamani

Haya jamani, maswali ya tairi yamekuja mengi kweli safari hii, nimechagua yale yanayogusa watu wengi, na karibu yote yana chanzo kimoja, mtu kanunua rimu au tairi kwa macho, kaona zimekaa vizuri kwenye gari ya mwenzie, kalipa, kafika gereji ndo anaanza kuuliza vipimo. Kwa hizi gari ndogo za zamani tulizonazo hapa Tanga, Beetle, Mini, Morris Minor, Datsun 1200, Corolla KE70, inabidi twende kinyume, gari ipimwe kwanza, hela itoke mwisho.

Shikamoo mzee. Nimeachiwa Beetle na marehemu baba, tairi zake zimeandikwa 165R15. Dukani wameniambia saizi hiyo hawana ila nichukue 195/50R15 kwasababu zote ni 15 na zinapendeza zaidi. Hizo namba zina maana gani na je nichukue? (Makorora)

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mzee. Usichukue, ngoja nikueleze kwanini.

165 ni upana wa tairi kwa milimita, na siyo pale inapokanyaga lami, ni ubavu hadi ubavu ikishavalishwa na kujazwa upepo. Namba ya baada ya mkwaju, hiyo 50 au 80, ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya ule upana. R ni radiali, yani nyuzi zake za ndani zinapita moja kwa moja ubavu hadi ubavu, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Yako haina namba ya katikati kwasababu enzi hizo tairi nyingi za radiali zilikuwa na kimo cha ubavu kimoja tu, 80 hadi 82 hivi, hawakuona haja ya kukiandika. Kwahiyo ukikuta 165/80R15 ni ndugu yake kabisa, hiyo chukua.

Sasa piga hesabu na mimi. Asilimia 80 ya 165 ni 132, ubavu uko juu na chini kwahiyo mara mbili inakuwa 264, rimu ya inchi 15 ni milimita 381, jumla tairi yako ina kimo cha milimita 645 toka chini mpaka juu. Ile ya dukani, nusu ya 195 ni 97.5, mara mbili 195, jumlisha 381 unapata 576. Tofauti milimita 69! Nusu yake ndo gari inavyoshuka, yani tumbo la Beetle yako linasogea chini sentimita tatu na nusu, na ukiwa unakaa Makorora unazijua zile njia mvua ikinyesha. Alafu mshale wa spidi ukikwambia 80 wewe uko 71 hivi, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, mafuta yanaenda. Na bado rimu ya Beetle ni nyembamba, inchi 4 au 4 na nusu, tairi ya 195 inataka rimu ya kuanzia inchi 5 na nusu, ukiilazimisha kwenye nyembamba inavimba katikati, inalika katikati peke yake na kwenye kona ubavu unayumba.

Kipimo ninachokitumia mimi ni asilimia 3, kimo cha tairi mpya kisizidi wala kupungua zaidi ya hapo kulinganisha na ya asili. 155R15 pia inakaa vizuri kwenye Beetle kama 165 imekosekana kabisa. Na usione aibu tairi nyembamba ndefu, hizi gari zilichorwa ziende na tairi hizo, stelingi inabaki nyepesi, na kwenye mchanga na mashimo ule ubavu mrefu unakulinda rimu.

Mwisho, pembeni ya saizi utakuta kitu kama 82T. 82 ni mzigo, tairi moja inabeba kilo 475, na T ni spidi, mwisho kilomita 190 kwa saa. Kwa gari zetu herufi haisumbui sana, ila namba ya mzigo usishuke chini ya ile ya asili.

Kaka nimepima rimu ya KE70 kwa tepu nikapata inchi 14 na ushee, lakini tairi imeandikwa 13 na ndo iliyokuwepo miaka yote. Nani anadanganya? (Chumbageni)

Hakuna anayedanganya, wewe umepima mdomo hadi mdomo. Rimu inapimwa pale tairi inapokaa, ile bapa ya ndani, siyo kwenye kingo zinazosimama nje. Ukingo wenyewe una kimo cha milimita 17 na nusu hivi kila upande, kwahiyo rimu ya 13 ambayo ni milimita 330 ukiipima nje kwa nje inakupa kama 365, ambayo ndo hiyo 14 na ushee yako.

Upana ni hivohivo, unapima ndani ya kingo, kutoka ukuta hadi ukuta. Ukipima nje kwa nje unaongeza karibu inchi nzima, na hapa ndo watu wanauziwa rimu ya 5 wakiambiwa ni ya 6. Kabla ya kupima lakini geuza rimu, sugua mgongo wake na brashi ya waya, nyingi zimegongwa muhuri, kitu kama 4½J x 13 au 5J x 13, umemaliza kazi. Ile J ni umbo la ukingo tu. Kwa rimu za pwani yetu hapa kutu inaficha maandishi, sugua bila kuchoka.

Asalaam aleikum. Nina Morris Minor, nimepata spoti rimu za Vitz inchi 14 kama zangu, matundu manne kama yangu. Zinaingia kiulaini, ila nati ukiizungusha haikai katikati ya tundu, inaegemea pembeni. Fundi anasema akikaza na spana zitajivuta zenyewe. Nimruhusu? (Ngamiani, barabara ya 12)

Waalaikumu salaam kaka yangu. Usimruhusu, na kama ameshakaza moja mwambie afungue leo hii kabla gari haijatoka hapo.

Swali lako ndo muhimu kuliko yote niliyopata, kwahiyo nivumilie nitakuwa mrefu. Stadi nne, zile boliti zinazotokeza kwenye habu, yani kitovu cha gari rimu inapofungwa, kwenye Minor zimepangwa kwenye duara la inchi 4, yani milimita 101.6. Matundu ya rimu ya Vitz yamepangwa kwenye duara la milimita 100. Kwa macho huwezi kuona tofauti, wala kwa tepu ya fundi seremala huwezi. Na rimu inaingia kiulaini kwasababu stadi za Minor ni nyembamba, inchi 3/8 ambayo ni milimita 9 na nusu, wakati tundu la rimu ya Toyota limetobolewa kwa stadi ya milimita 12, kuna nafasi tele mle. Hiyo nafasi ndo inayowadanganya mafundi.

Angalia nati kwa karibu, mbele yake imechongwa kama koni, na tundu la rimu nalo lina koni ya kuipokea. Kazi ya hizo koni mbili ni kukutana duara zima, hapo ndo rimu inajiweka katikati na nati inashika. Wewe kila stadi iko nje ya kitovu cha tundu lake kwa milimita 0.8, ndo maana nati inaegemea pembeni, inashika upande mmoja tu wa koni. Fundi akikaza kwa nguvu hazijivuti zenyewe, kinachovutwa ni stadi, inapinda kidogo, na rimu inasogea pembeni. Ukitoka hapo utasikia stelingi inatetemeka, utapeleka gari balansi mara mbili mara tatu haiponi, nati zinalegea zenyewe, na siku moja stadi inakatika, na haichagui mahali, inaweza ikawa Chumbageni spidi 20 au ukawa unashuka Lushoto kuja Mombo kwenye zile kona una familia ndani. Nasema kwa uchungu maana hii kitu naikuta kila nikizunguka magereji, na wenye gari hawaambiwi.

Namna ya kupima mwenyewe: kwa matundu manne chukua kalipa au rula ya chuma, pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja mpaka ukingo wa ndani wa tundu linalotazamana nalo, ng'ambo. Hiyo inakupa kipenyo cha duara bila kuhangaika kutafuta vitovu. Kwa matundu matano hakuna linalotazamana na mwenzie, kwahiyo pima kitovu hadi kitovu cha matundu mawili jirani alafu gawa kwa 0.588. Zile Beetle za zamani zenye stadi tano utapata 120.5, ukigawa inakuja 205. Beetle nyingi kuanzia modeli ya 1968 zina nne, duara la 130, kwahiyo hata Beetle kwa Beetle usinunue rimu bila kuhesabu. KE70 na Datsun 1200 ziko 114.3, nazo Vitz na IST za 100 haziingii kabisa, hapo angalau hakuna wa kukudanganya.

Alafu hata ungepata rimu yenye duara sahihi bado kuna ofseti, ile ET inayogongwa kwenye rimu. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaolala kwenye habu, kwa milimita. ET ikiwa kubwa rimu inaingia ndani kwenye springi na shokapu, ikiwa ndogo inatoka nje kwenye madigadi. Gari za sasa zinazovutwa na tairi za mbele mara nyingi ziko 35 hadi 45, gari nyingi za zamani zinazosukumwa na tairi za nyuma ziko chini ya hapo. Kama haijaandikwa, laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya mgongo wake, pima kutoka ubao kushuka mpaka uso wa habu. Tuseme umepata 108. Rimu ni inchi 5 na nusu, ongeza inchi moja ya kingo ni 6 na nusu, milimita 165, nusu yake 82.5. Toa kwenye 108, inabaki 25 na kitu, hiyo ni ET25. Fanya hivo kwa rimu yako ya asili kwanza ndo uje kwa ngeni, ulinganishe.

Ushauri wangu kwako ni rudi kwenye rimu za chuma za Minor yenyewe. Zipige mchanga, zikague nyufa kuzunguka matundu, zipake rangi ya krimu kama zilivyokuwa, Minor ikikaa hivo barabara ya 12 nzima itasimama kuangalia.

Shikamoo anko. Datsun 1200 yangu inavaa 155R12, nimezunguka sipati, ila 145R12 za Kirikuu, zile Suzuki Carry ndogo za mizigo, zimejaa kila duka. Zinafaa? (Muheza)

Marahaba. Kwa kimo zinafaa, 155R12 ni milimita 559 hivi na 145R12 ni 543, tofauti inakaribia asilimia 3, uko kwenye mstari lakini hujauvuka. Rimu ya inchi 4 inaipokea bila tabu. Ila ujue unanunua tairi ya mzigo, angalia ubavuni utakuta 6PR au 8PR, nyuzi zake zimekazwa kubeba magunia, na Datsun yako tupu haifiki hata kilo 800, kwahiyo gari itadunda kwenye makorongo, na kwenye lami iliyolowa shika yake siyo nzuri kama tairi ya gari ndogo ya abiria. Usijaze upepo ule mkubwa ulioandikwa ubavuni, ule ni kikomo cha tairi ikiwa na mzigo wake kamili, anzia kiwango cha kitabu cha Datsun.

Kama ni gari ya kuendea shamba na kurudi vaa bila wasiwasi. Kama ni gari ya safari, Segera, Chalinze, Dar, mi ningeagiza 155R12 nikasubiri. Nne zote lakini, usichanganye mbili Kirikuu mbili za kawaida.

Mzee mwenzangu, Mini yangu ni ya 1986, ina rimu za 12. Nataka kuirudisha kwenye 10 zile za asili, nimeshapata rimu. Nivae tairi gani? (Raskazone)

Ndugu yangu, kabla ya tairi chukua moja ya hizo rimu uijaribishe mbele bila tairi, nakuambia mapema haitaingia. Mini ilipotoka 1959 Issigonis, mhandisi aliyeichora, aliitaka gari ndogo nje kubwa ndani, tairi za inchi 10 ndo zilimpa hiyo nafasi, na Dunlop wakamtengenezea. Lakini mwaka 1984 Mini ziliwekewa diski kubwa za brek mbele, inchi 8.4, na hizo hazikai ndani ya rimu ya 10, ndo sababu wakahamia 12. Kwahiyo kurudi 10 ni kurudisha na mfumo wa brek wa mbele wa zamani, na mi sikushauri kupunguza brek kwa ajili ya muonekano. Baki na 12 zako, 145/70R12 ndo ya kiwandani, kimo 508, na 165/60R12 ni 503 nayo inakaa ila cheki madigadi ukikata kona mpaka mwisho. Za Kirikuu hizo nilizomwambia kijana wa Muheza wewe usiguse, 543 kwenye Mini itasugua.

Wenye Mini za rimu 10 za kweli, 145/80R10 na 165/70R10 kimo ni kilekile, 486 na 485. Nyembamba ni nyepesi kwenye stelingi, pana inashika kona zaidi. Kwa mji huu mi naenda na 145.

Dada yenu wa Pangani hapa. Nimeuziwa tairi nne za mtumba, meno yamejaa kabisa kama mpya, bei nzuri. Mume wangu anasema ni za zamani. Tunajuaje?

Dada yangu, mumeo ana hoja. Tafuta ubavuni neno DOT, fuata mpaka mwisho wake kuna tarakimu nne kwenye kiduara kirefu, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Kama upande mmoja hamna geuza tairi, mara nyingi tarehe inaandikwa upande mmoja tu. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, isiingie kwenye gari hata kama inang'aa.

Alafu ikunje ubavu kwa dole gumba mbili, angalia juani. Ukiona nyufa ndogondogo kama nywele zimejipanga pale ubavu unapokutana na meno, au ndani ya mifereji ya meno, mpira umeshakauka. Gari za zamani ndo zina ugonjwa huu kuliko zote maana zinasimama sana, meno hayaishi, jua la pwani linakula mpira taratibu, na mwenye gari anaangalia meno anasema bado. Mi nikifika miaka 6 tairi naikagua kila mara, na miaka 10 naitoa hata kama haijawahi kutoka getini. Spea nayo ihesabiwe! Watu wengi spea ni ile iliyokuja na gari.

Zako kama ni za karibuni na hazina nyufa, vaeni. Kama zina nyufa rudisheni, na wakikataa kurudisha hela, afadhali hasara hiyo.

Nina tairi mbili za radiali na mbili za nyuzi za mshazari zile za zamani, zote saizi sawa. Radiali niweke mbele kwasababu ndo nzuri zaidi? (Korogwe)

Hapana, hasa siyo mbele. Radiali inashika kona kuliko zile za zamani, ukiiweka mbele, mbele inashika nyuma inaachia, gari inakugeukia. Kama huna namna kwa siku mbili tatu radiali zikae nyuma, na kamwe usichanganye kwenye ekseli moja. Ila tafuta nne za aina moja.

Tairi zangu mpya hazitumii tyubu lakini fundi pancha ameweka tyubu kwenye rimu za Beetle. Ameniibia? (Duga)

Hajakuibia, inawezekana kakusaidia. Rimu nyingi za zamani hazina kile kituta kidogo cha ndani kinachozuia ukingo wa tairi usiteleze ukikata kona na upepo umepungua, zilitengenezwa enzi za tyubu. Pitisha kidole, kama bapa ni laini tupu bila kituta, tyubu ibaki. Rimu yenye kituta mara nyingi imegongwa H au H2. Muulize tu kama tyubu ni ya saizi hiyohiyo na imeandikwa inafaa radiali, na kama alitoa zile karatasi zilizobandikwa ndani ya tairi mpya, zinasugua tyubu mpaka inatoboka. Rimu ikiwa imeliwa na chumvi pale tairi inapokaa hata tyubu haitakaa muda mrefu, isuguliwe na kupakwa rangi kwanza.

Kila nikienda kujaza upepo wananipa psi 35 zote nne, Beetle inarukaruka mbele kama mbuzi. Shokapu zimekufa? (Mikanjuni)

Kabla hujanunua shokapu toa upepo. Injini ya Beetle iko nyuma, mbele hamna kitu zaidi ya tangi na spea, kwahiyo radiali za mbele zinataka 18 hivi na nyuma 27 hivi. 35 mbele ni karibu mara mbili, lazima irukeruke, na kwenye mvua mbele inateleza. Mini ya rimu 10 ni kinyume, injini mbele, 28 mbele 26 nyuma. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi kabla hujatembea, nunua kipimo chako mwenyewe ukae nacho kwenye gari maana vya pale barabarani vinapishana. Shokapu utaniuliza tena baada ya hapo kama bado inaruka.